Krismasi ya Watu wa Zamu: Mwongozo Kamili wa Kuhudumia Kambi za Umeme, Mafuta na Makaa ya Mawe Nyanda za Juu Kusini

Mara ya kwanza nilipokwenda kambini kwa Krismasi nilibeba kwaya ya watu ishirini na wawili, kinanda, spika mbili na jenereta. Ndiyo, jenereta, kwenda nayo kwenye kituo cha kufua umeme. Walinzi wa getini walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tulifika saa nne asubuhi. Waliokesha zamu ya usiku ndiyo kwanza walikuwa wamepata usingizi, wa asubuhi walikuwa kazini, na wa jioni walikuwa mtoni wakifua (nguo, si umeme). Ibada ilihudhuriwa na mpishi, watoto wanne wa jirani na mbwa mmoja. Tukaongeza sauti ya spika ili tuwavute watu, tukawaamsha waliokuwa wamelala. Kaka mmoja alitoka na taulo begani, akanisalimia kwa adabu zote, "Kamwene, mwinjilisti," kisha akaniuliza kama najua yeye anaingia tena kazini saa ngapi.

Sikujua. Nilirudi Mbeya nimenyamaza njia nzima, na usiku ule nikafungua Luka sura ya pili. Mstari wa nane, ambao nilikuwa nimeuhubiri sijui mara ngapi, unasema wachungaji wa kondeni walikuwa wakilinda kundi lao "kwa zamu usiku". Kwa zamu! Biblia yetu ya Kiswahili ilikuwa imeniambia siku zote, mimi nikawa napita juu juu. Tangu hapo sijapanga safari ya Krismasi kwa saa ya kanisa, na karibu kila hatua ninayoieleza hapa imetoka kwenye neno hilo moja.

Ninaandika kwa ajili ya wainjilisti, makatekista, vikundi vya vijana, akina mama wa kanisa, na wamisionari wageni wanaotumwa huku na kukuta Desemba inawakuta hawajui pa kuanzia.

Kwanza, jua unakwenda kwa nani

Watu wakisikia "wafanyakazi wa nishati" huwaza ofisi ya mjini inayouza luku. Huko hakuna shida. Kanisa liko mtaa wa pili. Ninaowazungumzia ni wengine, nao hawafanani.

Wako wa mabwawa na mitambo ya maji. Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, mpakani mwa Iringa na Dodoma, yenye megawati 80, iko kando ya barabara kuu, hivyo kufika ni rahisi. Shida ya kule ni joto. Kihansi, megawati 180, mpakani mwa Iringa na Morogoro, ni habari nyingine. Maji huchukuliwa juu ya ukingo wa milima na kuteremka takribani mita 850 hadi kwenye mitambo iliyochimbiwa ndani ya mwamba. Maana yake kwako ni kwamba kuna watu wa juu na watu wa chini, na hali zao ni mbili: juu baridi na ukungu, chini joto na mbu. Ukipeleka mablanketi kwa wa chini watakushukuru kwa heshima na kukucheka ukishaondoka. Korongo la Kihansi ndilo nyumbani kwa yule chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996 na kutangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, kwa hiyo usishuke kule kutalii kwa kuwa tu uko na wageni. Ipo pia mitambo midogo, kama Mwenga kule Mufindi, megawati 4, ambako wafanyakazi ni wachache kiasi kwamba chupa mbili za chai zinatosha kituo kizima.

Wako wa njia kubwa za umeme na vituo vya kupoza umeme. Njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea kupitia Madaba ina urefu wa kilomita 250 hivi. Mradi wa kilovoti 400 wa kuunganisha Tanzania na Zambia unapita Tagamenda, Kisada na Iganjo kuelekea Tunduma. Kundi hili ndilo gumu kulipata, kwa sababu kambi za wajenzi wa minara huhama. Kambi uliyoiona Oktoba, Desemba unakuta majivu ya jiko na mahindi yameota palipokuwa na hema.

Kuna bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, urefu wake kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lenye vituo vya kusukuma mafuta Iringa na Mbeya. Kuna makaa ya mawe upande wa Kiwira, na ya Ngaka kule Mbinga. Na siku hizi kuna wachimbaji wa visima vya jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi la kufulia umeme, upande wa Ngozi, Rungwe.

Chagua kambi moja kwa mwaka wa kwanza. Mbili ukiwa na magari mawili na watu wanaojua kukubali amri.

Barua: anza mwanzoni mwa Novemba

Maeneo haya yana ulinzi, na ni haki yawe nao. Usitegemee kwamba mlinzi ni Mkristo mwenzako atakufungulia. Ukimfanya afungue bila kibali, umemweka kwenye hatari ya kupoteza kazi siku ya Krismasi.

Barua iende kwa meneja wa kituo au msimamizi wa kambi, kwenye karatasi yenye kichwa cha kanisa, imetiwa muhuri na kusainiwa na mchungaji au paroko. Iseme mambo manne: nani wanakuja, majina kamili na namba za vitambulisho; gari gani; mnataka kufanya nini na kwa dakika ngapi; na mtaondoka saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalomlegeza meneja. Nakala mpe mtendaji wa kijiji. Mmisionari mgeni awe na nakala ya pasipoti na ya kibali chake cha ukaazi, na asiingie peke yake.

Ndani ya barua hiyo hiyo omba ratiba ya zamu ya tarehe 24, 25 na 26. Usiseme "tungependa kujua ratiba yenu". Hiyo inasikika kama upelelezi. Sema: tunaomba mtuelekeze saa ambazo hatutamsumbua aliye kazini wala aliyelala. Meneja mmoja alinipigia mwenyewe baada ya kusoma sentensi hiyo. Alisema kwa miaka aliyofanya kazi hakuwahi kuulizwa na mtu wa dini yeyote.

Simu zisizopokelewa ni jambo la kawaida, mtandao kule ni wa kupanda kilimani. Tuma mtu kwa bodaboda na barua ya pili. Usikasirike.

Chora siku yako juu ya zamu yao

Vituo vingi nilivyofika vinagawa siku mara tatu, mfano saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, saa tisa hadi saa tano usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Chukua karatasi, chora mistari mitatu, andika majina ya watu usiowajua bado. Utaona kwamba hakuna saa hata moja ambayo wote wako huru. Acha kuitafuta.

Badala ya ibada moja kubwa, fanya tatu ndogo. Kwa mfano huo wa saa, mimi hupanga hivi. Jioni ya tarehe 24, saa kumi na moja, ibada ya mkesha kwa waliotoka saa tisa na wale watakaoingia saa tano usiku. Dakika arobaini, na mahubiri yasizidi nane. Usiku saa tano na nusu, chai na maandazi kwa wanaotoka, pembeni ya njia wanayopita kwenda kulala, pamoja na wimbo mmoja bila ala na sala fupi. Asubuhi ya tarehe 25, saa mbili, hivyo hivyo kwa waliokesha. Ibada ya mchana ni ya yeyote aliyebaki.

Dakika za kukabidhiana zamu usiziguse. Anayetoka anamweleza anayeingia mtambo upi umelalamika, valvu ipi haijakaa sawa, kituo cha Dar es Salaam kinachoongoza gridi kimeagiza nini. Mtu akikatizwa hapo kwa "Bwana Yesu asifiwe!" lazima ajibu "Amina", na anapojibu amesahau alikuwa anasema nini. Kaa mbali mpaka wamalize.

Na chumba cha kuendeshea mitambo si mahali pa ibada. Ukiruhusiwa kuingia, ingia mmoja, simama ulipoambiwa, mpe mkono aliyekaa, ombea kimya kimya au kwa sentensi mbili, toka. Niliwahi kudhani hiyo ni huduma pungufu. Fundi mmoja mzee aliniambia baadaye kwamba katika Krismasi zake zote za kazini ile ndiyo aliyoikumbuka, kwa sababu kuna mtu alimfuata kwenye kiti chake.

Usiende na uso wa msiba

Hili ni fupi. Wengi wa walio kazini tarehe 25 hawajaonewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, na wapo wanaoiomba zamu hiyo kwa ajili ya ada za Januari. Wengine ni Waislamu waliojitolea kukaa ili wenzao Wakristo waende nyumbani, kama hao walivyowakalia Idd. Ukisimama mbele yao na kuanza "ndugu zetu mnaoteseka," umewakosea wote wawili. Hao waliojitolea washukuru kwa majina, mbele za watu.

Sauti za nyumbani

Hii ndiyo zawadi isiyoshindwa na pilau, na ndiyo iliyonipa funzo kali kuliko zote.

Wiki moja kabla ya safari, tembelea familia za wafanyakazi wanaoishi karibu nawe, mfano Mafinga, Makambako, Uyole au Tukuyu, na urekodi salamu kwa simu. Dakika moja kila mmoja. Mtoto aimbe, mama aseme neno, babu akohoe na kubariki. Kule kusiko na mtandao unampa mhusika simu na spika za masikioni, anakwenda zake chini ya mti. Usicheze sauti ya mke wa mtu kwenye spika mbele ya kambi nzima. Nimeona ikifanyika, kwa nia njema kabisa, na kijana wa watu akataniwa mwaka mzima kwa jina la mapenzi alilodhani linajulikana chumbani kwake tu.

Sasa funzo. Mwaka mmoja nilirekodi salamu nyingi kwa haraka, sikuzisikiliza. Mama mmoja, baada ya "heri ya Krismasi baba Neema", alianza kueleza kwamba mtoto amelazwa na hela ya matibabu imekwisha. Baba Neema aliisikiliza asubuhi, nusu saa kabla ya kupanda mnara. Alirudisha simu, akasema asante, akaenda kuvaa mkanda wake. Kijana mwenzake ndiye aliyemwona mikono inatetemeka, akamwambia msimamizi, akashushwa kabla hajafika popote. Mtoto alipona, na baba yake hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo lilinisumbua kuliko lawama.

Tangu hapo kanuni zangu ni hizi, na sizilegezi kwa mtu. Nasikiliza kila salamu mpaka mwisho, tena mbele ya aliyeirekodi. Habari ya ugonjwa, msiba, deni au ugomvi haiwekwi kwenye simu. Hiyo huletwa na mtu, kupitia msimamizi, baada ya zamu, na mtu huyo hakai dakika tano akaondoka. Na hakuna anayesikiliza chochote kabla ya kuingia kazini. Hata wimbo wa mtoto. Mtu anayelia kwa furaha juu ya mnara bado ni mtu anayelia juu ya mnara.

Rekodi na majibu yao pia. Kurudi mikono mitupu kwa mama aliyekusubiri ni aibu.

Moto, divai na vitu vinavyong'aa

Sisi Wamoravian tuna mishumaa kwenye damu. Desturi ya kuwapa watoto mishumaa usiku wa Krismasi ilianzia Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747, na wamisionari wetu waliofika Rungwe mwaka 1891 kutokea upande wa Ziwa Nyasa walitoka katika ukoo huo wa imani. Kwa hiyo kuniambia mkesha bila mshumaa ni kama kumwambia Mnyakyusa mlo bila ndizi. Lakini kuna mahali mshumaa unaua.

Ndani ya mgodi wa makaa ya chini ya ardhi kuna gesi ya methani na vumbi la makaa, na vyote viwili hulipuka. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna simu ya kawaida. Kituo cha mafuta vivyo hivyo: usiwashe mshumaa, jiko la mkaa wala chetezo mpaka umeonyeshwa mahali palipotengwa, na hapo mara nyingi ni nje ya uzio. Mapadre wanaokuja na ubani waambiwe mapema. Kwenye visima vya jotoardhi kuna gesi yenye harufu ya mayai viza, nzito kuliko hewa, hivyo hukaa mabondeni na kwenye mashimo. Ikizidi sana huiua pua yenyewe, husikii tena harufu na unadhani imeondoka. Watoto wa kwaya wasichezee mashimo ya visima.

Tulichokifanya upande wa makaa ni kuwaomba wachimbaji waje ukumbini na taa zao za kichwani. Tukazima taa za ukumbi, mmoja akawasha, akamgeukia jirani, naye akawasha, hivyo hivyo mpaka ukuta wote ukawa na duara za mwanga zinazotembea kila mtu alipogeuza shingo. Nimeona mikesha mingi mizuri ya mishumaa Rungwe. Ule sikuutarajia.

Kwenye vituo vya kupoza umeme, shida ni chuma na vitu vya kung'aa. Maputo ya karatasi ya fedha na mapambo marefu yanayometameta hupitisha umeme. Upepo ukiyabeba hadi kwenye nyaya ni hitilafu, na huenda mkoa ukalala gizani kwa sababu ya kwaya yako. Pamba kwa majani, maua na karatasi. Mwamvuli usifunguliwe ndani ya uzio wa mitambo. Ngazi, bendera, stendi ya maikrofoni, vyote vibebwe vimelazwa, si kusimamishwa begani, maana kwenye msongo mkubwa umeme huruka bila kuguswa. Mkiwa njiani mkakuta waya umeanguka, kaeni mbali mita kumi au zaidi, toeni taarifa, na msimruhusu kijana jasiri kuusogeza kwa fimbo.

Divai ya Meza ya Bwana ina shida yake. Sehemu nyingi mfanyakazi hupuliza kipimo cha pombe kabla ya kuingia, na ukikutwa nayo hujadiliwi. Kwa hiyo Ushirika uwe baada ya zamu, au mchungaji atumie maji ya zabibu kama kanisa lake linaruhusu. Mimi ni mwinjilisti, sigawi sakramenti. Nampangia mchungaji siku yake na saa yake. Wakatoliki watamhitaji padre au aliyeruhusiwa kugawa Komunyo; wasiliana na parokia yao mapema, usiwaambie "zote ni sawa tu". Na ulanzi, pombe ya mianzi, ambao Desemba ndiyo unaanza kutoka vizuri Iringa na Njombe, usiubebe kwenye gari hata kama umepewa na mzee kwa upendo. Ukipigiwa breki getini ukanukia ndani ya gari lenye msalaba, mwakani hakuna barua itakayokufungulia.

Chakula

Pilau na nyama. Usibuni. Kwa watu 40 wanaofanya kazi ya nguvu peleka mchele kilo 8, nyama kilo 10, viazi, kachumbari, na sukari ya chai kilo 2. Mchinjaji awe Mwislamu, ili kila mtu ale bila kuuliza. Nguruwe baki naye nyumbani, hata kama ndiye mtamu kuliko wote.

Ukipika huko huko maeneo ya juu kama Makete, jua kwamba kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Nyama na maharage havitaiva kwa saa ulizozoea Kyela. Anza mapema au pika mjini ukasafirishe kwenye hotipoti. Ukisafirisha, kifike cha moto na kiliwe mara moja. Kilichokaa vuguvugu saa nyingi kitapeleka zamu nzima chooni, na mitambo haina wa kuiangalia.

Weka pembeni sahani za walio kazini kabla mtu yeyote hajala. Andika jina juu ya kila moja. Wapishi wa kambi, wafagiaji na walinzi wahesabu pia; kila mwaka kuna kikundi kinachowapigia makofi mainjinia na kumsahau aliyefungua geti.

Wageni kutoka China au India wakiwepo kwenye kambi ya mkandarasi, waalike kula. Baadhi ya Wahindi hawali nyama kabisa, hivyo wali mweupe na maharage vikae chombo chake, na kijiko chake.

Barabara

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo Desemba barabara za udongo mwekundu za Mufindi, Ludewa na Makete ni sabuni. Land Cruiser mkonga, minyororo ya matairi, kamba, majembe mawili, panga, mbao za kuweka chini ya tairi. Ondoka alfajiri, radi za huku hupenda alasiri. Kama daraja limefunikwa na maji na huoni ukingo, geuza gari. Wafanyakazi wa kambi ndio watakaotumwa kukutafuta, na hiyo si zawadi ya Krismasi. Mliopanga kwenda Kihansi ya chini, Kyela au Mtera mchukue vyandarua.

Watu sita wanatosha: dereva, mwimbishaji, mama mmoja mwenye sauti ya kuheshimika jikoni, mwinjilisti au mchungaji, na vijana wawili wa kubeba. Wote wawe na buti zilizofunikwa vidole. Ndala hazipiti geti.

Ukifika

Nenda kwa msimamizi kabla ya kushusha hata kikapu. Sikiliza maelekezo ya usalama kama mgeni, hata kama ni mwaka wako wa saba. Uliza king'ora kikilia mnakusanyika wapi. Vaa helmeti na fulana ya kung'aa utakayopewa, usipige picha bila ruhusa, na usiweke mitandaoni picha ya mitambo hata ukiruhusiwa kupiga.

Ibada iwe ya nyimbo ambazo mtu wa dhehebu lolote anazijua tangu utotoni. Anza kwa salamu zote mbili, "Bwana Yesu asifiwe" na "Tumsifu Yesu Kristo", ili Mkatoliki asijione amekuja kwa jirani. Hapo si mahali pa kuvutia waumini. Ukifika kwa watu waliofungiwa kazini, wasioweza kuondoka, ukaanza kuwabatiza upya, unatumia lindo lao kama mtego.

Baada ya chakula, kaa. Hii ndiyo saa yenye kazi halisi, na haionekani kama kazi. Chukua kigoda, keti mahali mtu anaweza kuja bila wote kuona, na usiwe na daftari mkononi. Watakuja mmoja mmoja: mwenye mke aliyeacha kupokea simu, mwenye nyumba ndogo karibu na kambi na asiyejua atarudi vipi, aliyemwona mwenzake akianguka na ambaye bado anaota. Usikimbilie kufungua Biblia. Mvumilie kimya chake. Ukisikia mtu anasema hataki kuishi, humwachi usiku huo, na unamwomba ruhusa ya kumshirikisha msimamizi au mganga wa zahanati. Akikataa, bado unatafuta msaada, na unamwambia wazi kwamba unafanya hivyo. Malalamiko ya mishahara sikiliza, lakini usiyabebe kwa meneja kama mjumbe wa chama. Chama chao kipo. Fedha za kupeleka nyumbani usipokee, hata elfu kumi.

Ondoka saa uliyoandika kwenye barua. Hata kama wimbo ni mtamu.

Ukirudi

Kabla ya mwaka mpya peleka majibu ya sauti kwa familia, kisha uyafute kwenye simu yako mbele yao. Mwandikie meneja mistari mitano ya shukrani. Rudisha helmeti uliyosahau garini. Kila mwaka kuna moja.

Halafu, wakati kumbukumbu ni mbichi, andika daftari la mwakani: nani anahamia kituo gani, nani anastaafu, nani aliomba usimwambie mtu kitu na kwa hiyo hakiandikwi. Langu la safari iliyopita linaanza hivi: geti la pili, babu wa usiku, sukari hatumii, chai iwe ya rangi, aulizwe mguu.